Acheni Kuusingizia Mwanzi

Hapa Nyarero, wilayani Tarime, kuna hukumu iliyokwisha kutolewa na haina rufaa: mwanzi ni wa uzio, wa banda la kuku na wa kuegemeza migomba. Mtu anayejenga nyumba ya maana, ya tofali za kuchoma na bati la rangi, akisema sebuleni anataka sakafu ya mianzi, wa kwanza atamuuliza kama ameishiwa. Wa pili atamwambia mchwa watamaliza sakafu hiyo kabla yeye hajamaliza kumlipa fundi. Wa tatu, kwa kawaida kijana aliyewahi kukaa Mwanza au Nairobi, atafunga mjadala: "Mura, mwanzi ni nyasi. Nani anatandika nyasi kwenye nyumba ya kisasa?" Kisha wote wanakubaliana kwamba sakafu ni marumaru, na maongezi yanahamia kwenye bei ya saruji.

Nazipinga hoja zote tatu. Naanza na ya mchwa, kwa sababu ndiyo pekee yenye uzito.

Mchwa Tarime wapo, tena wengi, na hakuna anayebisha. Lakini tazameni juu. Paa la nyumba hiyohiyo limebebwa na mbao za mkaratusi au za paini, na zote mbili mchwa wanazila vizuri tu. Hakuna aliyewahi kusimama kwenye kikao akasema tusiezeke kwa mbao. Tunazipaka dawa, tunapiga misumari, tunaezeka. Tokeni nje mpaka barabarani: nguzo ya umeme ya TANESCO nayo ni mkaratusi, imechimbiwa ardhini kabisa, palepale mchwa walipo, na inasimama miaka mingi kwa sababu ilishindiliwa dawa kwa mgandamizo kiwandani kabla ya kuletwa. Mtu anayesema mwanzi utaliwa huku ameiegemea nguzo hiyo ana deni la maelezo. Atuambie kwa nini dawa ikubali kwenye mti na ikatae kwenye mwanzi.

Kesi ya mwanzi iliharibikia kwenye ushahidi. Mwanzi unaotumika sana vijijini mwetu ni ule wa kijani au wa njano unaopandwa kando ya mito, ambao wataalamu wa mimea huuita Bambusa vulgaris. Huo ni miongoni mwa mianzi yenye wanga mwingi, na wanga ndio chakula cha wale wadudu wanaopekecha mwanzi uliokatwa, wanaoacha vitundu vidogo na unga mweupe chini mithili ya unga wa muhogo. Watu wa Iringa na Njombe, wanaogema ulanzi kwenye machipukizi ya mwanzi wa aina nyingine, wanajua siku nyingi kwamba mmea huu umebeba utamu. Wadudu nao wanajua. Kinachowavuta ni sukari na wanga. Ukiviondoa au ukivitia sumu, wanakosa sababu ya kuja.

Sisi tunafanya kinyume chake. Kichaka cha mwanzi wa aina hiyo hukua kuelekea nje, kwa hiyo mianzi michanga iko pembeni na iliyokomaa iko katikati. Mwenye panga hana muda wa kupenya katikati. Anakata ya pembeni, laini, yenye umri wa mwaka au chini ya hapo, imejaa maji. Anaikata siku yoyote aliyoihitaji, hata katikati ya masika, na jioni imeshachimbiwa ardhini ikiwa mibichi. Inapooza na kuanguka, kijiji kizima kinatoa ushahidi kwamba mwanzi haufai. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua.

Mwanzi wa kazi ya nyumba hukatwa ukiwa na miaka 3 hadi 5. Unautambua kwa macho: umeshapoteza magamba na ule uvumbi mweupe wa ujana, na ngozi yake imeanza kushika madoa ya ukungu na kuvu wa maganda. Unakatwa mvua zinapokatika, wanga ukiwa umepungua kwa kulisha machipukizi mapya. Kisha vifundo vinatobolewa ndani kwa nondo ndefu, na mianzi inalazwa kwenye maji yenye boraksi na asidi ya boriki kwa wiki moja hadi mbili. Kipimo hakihitaji maabara: kilo moja na nusu ya boraksi kwa kila kilo moja ya asidi ya boriki, na hizo kilo mbili na nusu ukizikoroga kwenye lita 50 za maji unapata mchanganyiko wa asilimia 5 hivi. Tangi lifunikwe vizuri, maana ng'ombe wetu akiona chumvi haulizi ni ya nini.

Chumvi hizo zina udhaifu mmoja, nao ndio unaomaliza ubishi huu: mvua huziosha. Uzio uliotibiwa kwa boraksi bado utaoza, kwa kuwa unanyeshewa na umekanyaga udongo. Sakafu iliyo chini ya bati na juu ya zege haioni mvua wala udongo. Kwa hiyo sisi tumeupeleka mwanzi mahali pabaya kuliko pote katika boma, ukafa, na kifo hicho tunakitumia kama ushahidi wa kuunyima mahali panapoufaa.

Hoja ya nyasi ni nyepesi zaidi. Ndiyo, kwa elimu ya mimea mwanzi ni nyasi, kama ulivyo muwa na kama ulivyo ulezi. Jina la ukoo halisemi chochote kuhusu ugumu. Ugumu wa sakafu hupimwa kwa kugandamiza gololi ya chuma yenye upana wa milimita 11 na kidogo mpaka izame nusu yake kwenye ubao. Nguvu iliyotumika ndiyo kipimo, nacho huitwa Janka. Mwaloni mwekundu wa Marekani, mti ambao Wamarekani wamekanyaga majumbani mwao kwa vizazi, unapata ratili 1,290. Mbao za mwanzi zilizotengenezwa kwa kupondaponda nyuzi, kuzichanganya na gundi na kuzishindilia kwa mashine zinafika ratili 3,000 hivi. Na kama hoja ni hadhi, abiria wanaopita jengo namba 4 la uwanja wa ndege wa Barajas, Madrid, lililofunguliwa mwaka 2006, wanatembea chini ya dari lililofunikwa kwa vipande vya mwanzi kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Hispania haikuwa imeishiwa.

Hapa inabidi niwageukie na wauzaji, maana wao wanausema vizuri mwanzi kuliko unavyostahili. Si kila boksi lenye picha ya mwanzi lina ugumu wa ratili 3,000. Ile rangi ya kahawia ambayo wateja wengi wanaipenda hupatikana kwa kuupika mwanzi kwa mvuke mpaka sukari yake inaungua, na mwanzi uliopikwa hivyo hulainika. Kama ni wa vipande vilivyobandikwa tu, unaweza kuwa laini kuliko huo mwaloni. Mnunuzi wa Nyarero aulize mambo matatu kabla ya kutoa hela: umetengenezwa kwa kushindiliwa au kwa kubandikwa, umepikwa rangi au ni wa asili, na gundi yake ni ya daraja gani kwa kiasi cha formaldehidi, gesi yenye sumu, inachotoa. Muuzaji asiyeweza kujibu la tatu aachwe na boksi lake.

Sasa niseme jambo litakaloniletea lawama. Sakafu ya mianzi ikiharibika, mara nyingi aliyeiharibu ni fundi, na kosa lenyewe lilifanyika kabla ubao wa kwanza haujalazwa. Kosa hilo ni haraka.

Zege hukauka polepole kuliko mwenye nyumba anavyotaka kuamini. Siku 28 zinazotajwa kwenye kila eneo la ujenzi ni za nguvu: baada ya hapo jamvi linabeba mzigo. Unyevu ni habari nyingine. Kadirio la kawaida la mafundi wa sakafu ni mwezi mmoja kwa kila milimita 25 za unene, hivyo jamvi la milimita 100 linataka miezi minne, na kwenye baridi na mvua za milima ya Tarime linaweza kutaka zaidi. Sisi tunamwaga jamvi mwezi wa 4, tunahamia mwezi wa 6, na katikati tumeshatandika. Maji yaliyobaki ndani ya zege hayana pa kwenda isipokuwa juu. Yakikuta marumaru yanatulia chini yake, au yanapenya kwenye viungo bila mtu kuona. Yakikuta mwanzi yanaingia, mwanzi unavimba, na fundi aliyelipwa na kuondoka anasimulia kijiweni kwamba alishawaambia.

Kuna kipimo cha bure kabisa. Kata nailoni inayoonyesha, upana wa nusu mita hivi kila upande, uibandike kwenye zege kwa utepe wa gundi pande zote nne pasipite hewa, uiache mpaka kesho yake. Ukikuta matone ndani yake, au zege la chini limekuwa jeusi, sakafu haijawa tayari. Subiri. Hata likiwa limekauka, tandika nailoni nzito juu yake kabla ya mbao, kwa kuwa nyumba nyingi za zamani hazikuwekewa nailoni chini ya jamvi na udongo wetu wa masika haukauki hata chini ya zege. Pima usawa kwa rula ndefu na pimamaji. Shimo la zaidi ya milimita 3 katika urefu wa mita 2 lijazwe, la sivyo sakafu italia kila unapokanyaga. Maboksi yafunguliwe na mbao zipangwe ndani ya chumba chenyewe, zikae siku kadhaa, na zile zilizoshindiliwa zikae hata wiki mbili au zaidi, zizoee hewa ya Nyarero. Hewa ya kule zilikotengenezwa si hewa ya hapa.

Halafu kuna lile pengo la ukutani, ambalo ndilo hunikera kuliko yote. Mwanzi hutanuka mvua zikiingia na husinyaa kiangazi, kwa hiyo ubao wa mwisho unaachiwa nafasi ya milimita 10 hadi 15 kutoka ukutani, na nafasi hiyo inafichwa kwa skatingi iliyopigiliwa kwenye ukuta, isishike sakafu. Fundi wa marumaru akiona pengo mkono unamwasha. Amefundishwa kujaza. Analijaza saruji nyeupe, analainisha kwa kidole, kazi inapendeza. Mvua za kwanza sakafu inakosa pa kutanukia, inanyanyuka katikati ya chumba. Ukiingia nyumba yoyote yenye sakafu ya mianzi iliyotunga kigongo, usihangaike na mwanzi. Nenda ukaangalie ukutani.

Kwa upande wa wapinzani wangu kuna hoja moja wanayoisema chinichini wakati ilipaswa kuwa ya kwanza: deki. Kwetu usafi ni ndoo ya maji. Asubuhi sakafu inamwagiwa, inasukumwa kwa ufagio, maji yanatokea mlangoni. Sakafu ya mianzi haitavumilia hilo hata msimu mmoja. Inafagiwa, inapanguswa kwa kitambaa kilichokamuliwa, na mchanga unaachwa mlangoni pamoja na viatu, kwa kuwa mchanga ndio unaokwangua vanishi. Nyumba ambayo haiko tayari kuacha ndoo isiweke mwanzi, na hapo nakubaliana na wazee wote wa Nyarero. Jikoni, bafuni, barazani na kwenye korido ya mlango wa nyuma, wekeni saruji au marumaru. Na mwenye sakafu ya udongo ya kusiriba kwa mavi ya ng'ombe, ambayo funza hujificha humo, kwanza amwage zege. Mwanzi unakuja juu ya zege. Hauchukui nafasi yake.

Ninachodai ni sebule na vyumba vya kulala, na hapo marumaru hayana utetezi mzuri. Nyarero si Dar es Salaam. Usiku wa Juni na Julai huku juu ni wa blanketi mbili, na bibi anayeamka alfajiri kukanyaga marumaru anajua baridi hiyo inaingilia wapi. Marumaru yaliyong'arishwa yakipata tone la maji yanateleza, na mzee aliyevunjika nyonga hapati faraja kwamba sakafu ilikuwa inang'aa. Tuliyachukua kutoka miji ya joto, ambako ubaridi wake ni neema, tukayaleta mlimani bila kuuliza swali. Tunayaita ya kisasa kwa sababu tuliyaona kwanza kwenye nyumba za wenye hela.

Wapo watakaojibu kwamba marumaru sasa ni bidhaa ya nyumbani, yanatengenezwa Mkuranga na Chalinze, na mwanzi wa maboksi unatoka China. Hoja hiyo naiheshimu. Mkoa wa Pwani, yanakotengenezwa, uko zaidi ya kilomita 1,200 kwa barabara kutoka hapa, lakini China iko mbali zaidi, na sina nia ya kumsifia mtu aliyeagiza nyasi kutoka ng'ambo ya bahari akajiita mlinzi wa mazingira. Jibu lake liko karibu sana, upande wa pili wa mpaka wa Sirari, nchini Kenya.

Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Maseno, wakiongozwa na Jacob Kibwage na wakisaidiwa na fedha za IDRC, shirika la utafiti la Canada, walianza kujaribu mianzi pamoja na wakulima wa tumbaku wa Kusini mwa Nyanza: Migori, Homa Bay, Suba na Kuria. Kuria, yaani ndugu zetu wenyewe, lugha moja, koo zilezile, mpaka ukiwa umepita katikati ya mashamba. Walitaka kujua kama mwanzi unaweza kuchukua nafasi ya tumbaku, zao linalokausha mifuko ya mkulima na kuteketeza kuni nyingi kwenye mabani ya kuikaushia. Miongoni mwa aina walizojaribu ni Dendrocalamus giganteus, mwanzi mkubwa kuliko karibu mianzi yote duniani, na mianzi hiyo ilishika vizuri kwenye udongo ule. Udongo hauulizi pasipoti. Tumbaku imelimwa Tarime na Serengeti pia, na milima yetu inapata mvua mbili kwa mwaka kama ya kwao.

Kenya yenyewe ilichelewa. Mwaka 1986 ilipiga marufuku kukata mianzi kwenye misitu ya serikali, na ikapita zaidi ya miaka 30 kabla ya mwanzi kuorodheshwa rasmi kuwa zao la kilimo, mwaka 2020. Ethiopia, yenye mianzi mingi kuliko nchi nyingine yoyote ya Afrika, imeshakuwa na viwanda vinavyogeuza mianzi yake kuwa mbao za sakafu. Kwa hiyo anayesema Mwafrika hawezi kutengeneza sakafu ya mianzi amechelewa kupata habari.

Kinachokosekana Tarime ni karakana. Mkulima mmoja hawezi kununua mashine ya kupasua, randa, tangi la kuchemshia, tanuri la kukaushia na mashine ya kushindilia. Wakulima wengi kwa pamoja wanaweza, wakisaidiwa, na msaada upo. Marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017 yaliwabana wenye migodi kuandaa kila mwaka mpango wa kuwajibika kwa jamii na kukubaliana na halmashauri. Mgodi wa North Mara uko Nyamongo, wilayani mwetu, na fedha zake zinapangwa na Halmashauri ya Wilaya ya Tarime. Zinajenga madarasa na zahanati, na ni sawa. Zinaweza pia kujenga karakana moja ya mianzi, VETA ikafundisha vijana kupasua na kutandika, SIDO ikasimamia mashine.

Namwomba diwani wa Nyarero na wenzake waliingize jambo hili kwenye mpango unaofuata, na waanze na vitalu vya miche kabla ya mashine. Kichaka cha mwanzi mkubwa kinachopandwa masika haya kitaanza kutoa mianzi ya mbao baada ya miaka 5 hadi 7, na kila masika tunayoyaacha yapite yanaisogeza tarehe hiyo mbele kwa mwaka mzima.